Ni na Yuko: Kihispania Nilichojifunza Wete

Niliwahi kuuambia ukumbi mzima wa wataalamu wa kilimo kwamba katika milima ya Amerika ya Kusini watu hupanda papa. Nikaongeza, kwa kuwa mgeni aliyekuwa akihutubia naye aliongeza, kwamba papa wa huko ni wadogo, wa mviringo, na wengine rangi yao ni ya zambarau. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa safu ya mbele alinyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Hao papa wanamwagiliwa maji ya chumvi au ya mvua?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Kwa Kihispania cha huko, papa ni viazi. Nilikuwa nimeifanya kazi ya ukalimani miaka mingi, nina suti, nina heshima yangu; lakini sikio la Mpemba lilisikia papa, likaona mapezi.

Naanza na hilo, nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, msije mkadhani kwamba iko siku mtafika mahali ambapo lugha imekwisha. Neno gumu halitawaangusha, maana mtaliogopa na kulitafuta. Litakalowaangusha ni neno linalofanana na la nyumbani.

Watu huniuliza Kihispania nilijifunza wapi. Wanatarajia nitaje mji wenye minara na viwanja vya kupigana na ng'ombe. Nilijifunza Wete, kisiwani Pemba, miaka michache kabla ya Uhuru, nyumbani kwa mjane aliyeitwa Bi Mize. Hata yeye hakukusudia kunifundisha. Alikuwa akitaka taarabu.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu bara, nimepangiwa kusomesha skuli ya Wete. Nilirudi na digrii na maradhi ya kuuliza kwa nini. Nilimuuliza mkuu wa skuli kwa nini kengele ya asubuhi ipigwe mara mbili. Nilimuuliza muuza samaki kwa nini changu awe ghali kuliko tasi. Sikuamini kanuni yoyote mpaka niivunje kwanza nione kama itapiga kelele. Na moyoni nilitaka kuondoka, ingawa sikujua niende wapi. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo sijui jina la kila mti.

Chumba nilichopanga kilikuwa uani kwa Bi Mize. Afisa mmoja wa Kizungu alipomaliza muda wake, vitu vyake vilipigwa mnada, na Bi Mize akaenda akanunua gramafoni. Ilikuja na mkoba wa sahani za santuri. Akaweka sindano, akakaa mkekani kungojea udi na fidla. Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, inauliza jambo. Mwanamume akajibu. Mwanamke akauliza tena.

"Mwalimu!" aliniita. "Hebu njoo, weye uliyesoma. Miye nimenunua nyimbo, nimeuziwa watu wanaulizana. Wanataka nini hawa?"

Ndani ya mkoba mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Zilikuwa sahani za kujifunzia Kihispania. Kijitabu kile mchwa walikuwa wameanza nacho kabla yangu. Walikula kurasa za nyuma, zile zilizoeleza mambo yasiyofuata kanuni. Kwa hiyo mimi, mtu nisiyeamini kanuni, nikabaki na kanuni peke yake.

Swali la kwanza la yule mwanamke lilikuwa: *¿Dónde está la estación?* Nilitafuta kijitabuni nikamfasiria Bi Mize: anauliza stesheni iko wapi.

"Stesheni ndiyo nini?"

"Mahali treni inaposimama."

"Basi mwambie asijisumbue. Hapa haipo."

Kila alasiri alikuwa akiuliza hivyo hivyo, na Bi Mize, huku akisuka ukili wake, alimjibu bila kuinua macho: "Haipo, bibi we." Kisha siku moja nikaona kijitabuni kwamba neno lile lile, *estación*, lina maana ya pili: msimu. Tangu hapo sikuweza tena kumsikia kama zamani. Ilikuwa wakati wa karafuu, zimeanikwa majamvini kila uwanja, harufu yake inaingia dirishani nzito hata mtu anahisi anaweza kuilalia. Sindano ilikuwa ikikwaruza kama manyunyu juu ya paa la mji nisioujua. Na katikati ya manyunyu yale mwanamke anauliza, bila haraka, kama mtu aliyepoteza kitu zamani na hana hakika kama anakitaka: masika yako wapi? Kipupwe kiko wapi? Nilikuwa nikifumba macho nikiona barabara ya mawe, imelowa, naye amesimama na mkoba wake, na mimi ndiye mpita njia anayeulizwa. Kila siku nilifumbua macho kabla sijapata la kumjibu.

Hivyo ndivyo lugha ilivyoniingia, kama usingizi wa mchana. Siwapendekezei njia hii. Lakini nataka mjue kwamba nilipata kuipenda sauti kabla ya kuifahamu maana, na mpaka leo mtu akinijia anataka kujifunza ukalimani namwambia kwanza asikilize lugha mpaka imsinzishe. Baada ya hapo ndipo afungue kitabu.

Kufungua kitabu kulikuwa na vichekesho vyake. Kila jina la kitu kwa Kihispania hutanguliwa na *el* au *la*, kama ni la kiume au la kike. Sasa "la" yetu ni kukataa. Sahani iliposema *la casa*, yaani nyumba, Bi Mize alisikia, "La! Kasa!"

"Kasa wa watu kafanya nini, maskini?" aliuliza.

Tulipofika somo la "yangu", mambo yakazidi. "Nyumba yangu" ni *mi casa*. Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikirudi kutoka skuli alikuwa akinipokea mlangoni: "Mi kasa! Miye kasa, weye nani?" Nami nikimjibu kwamba mimi ni pweza, nina njaa.

Msicheke upande mmoja. Mimi mwenye digrii nilipotaka kuandika wingi wa *quiosco*, ambalo hutamkwa kiosko na ni kibanda cha magazeti, niliandika *viosco*. Nikalitazama neno langu, nikaridhika nalo kabisa. Sisi tunabadili kichwa cha neno: kiti, viti. Mhispania anabadili mkia. Ilinibidi nijizoeze kusikiliza mwisho wa maneno, kama mtu anayengoja mgeni mlango wa nyuma. Na jina lisijifunzwe peke yake. Lijue na *el* au *la* yake, kama unavyomjua mtu pamoja na mtaa wake, ama sivyo utalipoteza.

Halafu kulikuwa na "ni".

Kihispania kina "ni" mbili. Moja ni *ser*, ambayo ukisema kwa yeye inakuwa *es*. Nyingine ni *estar*, inayokuwa *está*. Kijitabu kilisema: *ser* ni kwa jambo linalodumu, *estar* ni kwa jambo linalopita au kwa mahali kitu kilipo. Yeye ni mwalimu, *es*. Yuko sokoni, *está*. Amechoka, *está*, maana kesho atakuwa ameshapumzika. Nilifurahi. Wazungu wenye kuandika kijitabu walikuwa wakiomba radhi kwa ugumu wa jambo hili, na mimi naliona jepesi: wao wana "ni" moja tu, sisi tuna ni na yuko tangu kuzaliwa. Nikajiona nimezaliwa nusu Mhispania.

Kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, mji wote ulikuwa ukinisikia. Wanafunzi walinipokea kwa "Bweno dia!" kunitakia asubuhi njema, na watundu, wakiligeuza kuwa dia ya damu, wakiongeza, "Dia ya nani, maalim, kwani umeua?"

Basi ikaja meli ya mizigo, ya kigeni, ikateremsha Wete mabaharia wawili wenye homa kali, mtu na nduguye, kisha ikaenda zake Mombasa. Mkubwa aliitwa Andrés. Alifariki hospitali kabla mdogo wake hajarejewa na fahamu, akazikwa kwenye kipande cha ardhi walikozikwa wageni wachache, pembeni mwa mikarafuu. Mdogo aliitwa Tomás. Alipozinduka alikuwa akiuliza jambo moja tu, na hakuna aliyemfahamu. Kiingereza hakukijua. Daktari, Mhindi mpole aliyezungumza polepole, akaambiwa yuko mwalimu ambaye nyumbani kwake husikika maneno kama yale kila alasiri. Nikaitwa. Ilikuwa asubuhi, nikatoka darasani na chaki mkononi.

Tomás alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, macho yamezama. Aliponiona akauliza: *¿Dónde está mi hermano?*

Ndugu yangu yuko wapi. Moyo ulinipiga kwa furaha, wallahi, kwa sababu nilifahamu kila neno. Halafu ndipo nikafahamu alichouliza.

Neno *muerto*, mfu, nilikuwa nalo. Kilichobaki ni kuchagua "ni". Nami nikafikiri kama msomi. Uhai unapita, ndiyo maana kwetu tunasema fulani yu hai. Kifo hakipiti, ndiyo maana tunasema fulani ni marehemu. Hakuna kinachodumu kama kifo. Kanuni na Kiswahili changu vilikubaliana, na mimi kwa mara ya kwanza sikuuliza kwa nini.

*Su hermano es muerto*, nikasema.

Alinitazama. Akasema kwa sauti ndogo: *¿Quién?*

Nani? Swali hilo lilikuwamo katika sahani: bwana huyu ni nani? Nikadhani anataka kujua aliyesimama kando yangu, aliyevaa koti jeupe. Nikamwonyesha daktari kwa mkono wote, kwa adabu, nikasema: *El doctor.*

Kikombe cha dawa kiliruka kikagonga ukuta. Tomás alijaribu kushuka kitandani, miguu ikamkataa, akabaki ameegemea chuma cha kitanda akipiga kelele. Wauguzi walimshika.

"Umemwambia nini, mwalimu?" daktari aliniuliza.

"Kwamba ndugu yake amefariki."

"Na baada ya hapo?"

"Akauliza wewe nani. Nikamwambia."

Katika kelele zile neno moja lilikuwa likirudi: *asesinos*. Halikuwamo kwenye sahani, lakini Kiingereza changu kililitambua. Wauaji. Nilikuwa nimekuja kutoa habari ya kifo, nikatoa habari ya kuua. Sikujua tu nimekosea wapi.

Kuanzia hapo hakutaka kugusa kitu. Kwinini aliitema. Uji aliukataa, na maji aliyomiminiwa mbele yake aliyatazama hivi hivi na midomo imepasuka. Kumchoma sindano kwa nguvu daktari hakuthubutu. Alisema moyo wake ni dhaifu, akipigana utaachia njiani.

"Homa hii haina subira," aliniambia nje, kwenye ukumbi. "Asipokunywa dawa leo, kesho tutamlaza karibu na ndugu yake. Yeye hatatusikiliza sisi. Wewe ndiye uliyemwambia. Nenda kaliangalie neno lako."

Nilirudi nyumbani jua la utosi. Nikaweka sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna nini katika sahani za wasafiri? Hoteli, mwavuli, tiketi, supu. Katika nchi ile ya manyunyu hapakuwa na mtu aliyepata kufa. Nilimchukia kidogo yule mwanamke na stesheni yake.

"Leo unawapigisha mbio," alisema Bi Mize. "Wamekukosea nini?"

Nikamweleza. Akaacha ukili.

"Kijana yule hali kitu?"

"Hali, wala hanywi. Anadhani tumemuua nduguye."

"Astaghfirullahi. Na kosa la nani? La huyu bwana wa kwenye sahani. Tangu siku ya kwanza nakwambia sauti yake ya kivivu. Mara *es*, mara *está*, kila akichoka anakata neno."

"Si uvivu, Bi Mize. Ni kanuni."

"Kanuni yenyewe iko wapi? Si imeliwa na mchwa?"

Alikuwa amekosea kuhusu uvivu, lakini kuhusu mchwa alikuwa na haki. Nikageuza sahani. Ilikuwa sehemu ya hoteli: mgeni analalamika kwamba chumba hakifai. *La ventana está rota.* Dirisha limevunjika. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuisikia. Safari hii nikainua sindano. Dirisha lililovunjika halipiti kama uchovu. Kioo hakijiungi chenyewe hata kikingoja miaka. Mbona basi *está*?

Wakati ule ule ikaja hodi. Alikuwa mtu kutoka kisiwa cha Fundo, ana msumeno mkononi, alitaka meno ya msumeno yanolewe.

"Mzee Faki yupo?"

Mzee Faki alikuwa mumewe Bi Mize, fundi seremala, amefariki kabla sijafika mimi. Mtu wa Fundo hakuwa na habari.

"Hayupo, mwanangu," alisema Bi Mize.

"Atarudi lini?"

"Harudi. Yuko Mtambwe."

"Kahamia kwa watoto?"

"Kahamia kwa babaake. Yuko chini ya mchanga, mwaka wa pili huu."

Yule bwana alibaki na msumeno wake, hajui aweke wapi mikono. Akaomba radhi, akampa pole ya mwaka wa pili. Bi Mize akamkaribisha maji, akamtuma kwa fundi mwingine.

Nilikuwa nimesimama kando ya gramafoni. Hayupo. Yuko. Nilimsikia mwanamke huyu kila siku akimtaja mumewe, na hata mara moja hakusema "ni marehemu". Hayo ni maneno ya karatasi za serikali na ya watangazaji. Nyumbani aliyekufa yuko au hayupo. Na Mhispania, kwake mfu ni kama dirisha: jambo lililompata, hali iliyomkuta. Swali si litadumu muda gani. Swali ni kilichompata. *Está.* Na ile *es* yangu, kama ilivyonidhihirikia nilipokwisha kusoma vitabu vizima visivyoliwa, inapokaa na *muerto* huvuta kwenye kufanywa mfu na mtu. Kwa hiyo yeye akauliza nani.

Nilirudi hospitali karibu mbio. Daktari alikuwa mlangoni. Nikamwomba asiingie na koti lake.

"Nivue?"

"Tafadhali, daktari."

Alilivua, akalitundika kwenye msumari, akaingia na shati.

Tomás alikuwa ameelekea ukutani. Nikakaa chini, sakafuni, kichwa changu kikawa chini ya chake. Hilo halikutoka kitabuni. Nimelitumia maisha yangu yote ya kazi, na nawaachia: habari mbaya isitolewe na mtu aliyesimama.

*Su hermano está muerto*, nikasema. Nikagusa paji la uso wangu, nikimaanisha homa: nduguye homa, naye homa. *Fiebre. Su hermano, fiebre. Usted, fiebre.*

Hakugeuka mara moja. Alilirudia neno, *está*, kama mtu anayepima sarafu kwa meno. Kisha akageuka, akasema jambo refu nisilolijua hata kidogo. Nikamjibu sentensi niliyoimudu kuliko zote: *No comprendo*, sifahamu. Akapitisha kidole shingoni, akainua nyusi. Nikatikisa kichwa. *No. No. Fiebre.* Akamtazama daktari, mtu wa makamo aliyevaa shati lililokunjwa mikono, amesimama kama aliyefika kutoa pole. Na kweli daktari alikuwa akilia, bila kuyafuta machozi.

Tomás akalegea. Akauliza: *¿Dónde está?*

Swali lile lile la asubuhi, sasa la mtu mwingine.

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anataka kujua yuko wapi."

"Mwambie anywe dawa kwanza, kisha tutampeleka."

"Siwezi. Kwa Kihispania sina 'kwanza', wala sina 'kisha'. Na hata ningekuwa nayo nisingemwambia. Ataona tunamuuzia kaburi la nduguye."

Daktari akaita machela.

Tulimbeba wauguzi wawili, mimi na daktari, kila mmoja pembe yake. Alasiri ilikuwa imetulia, njia imejaa majamvi ya karafuu, na kina mama waliokuwa wakizigeuza walisimama tulipopita. Mmoja aliuliza, "Yu hai?" Muuguzi akamjibu, "Yu hai, Bi." Tulimteremsha kando ya udongo mwekundu uliokuwa bado haujashuka. Nikaonyesha kwa mkono. *Está aquí*, nikasema. Yuko hapa.

Aliweka kiganja juu ya udongo akakiacha muda mrefu. Hakupiga kelele. Baadaye akasema, wala sijui alikuwa akisema na nani: *Estamos aquí.*

Tuko hapa. Katika kazi yangu nimewauliza wasemaji maelfu ya maswali: ulikusudia nini, sisi gani, nyinyi gani, neno hili linamhusu nani. Mkalimani asiyeuliza ni hatari kwa watu. Lakini ile "tuko" ya Tomás sikuiuliza. Huenda ilikuwa yeye na kaka yake. Huenda ilikuwa sisi sote tuliokuwa tumepiga magoti pale udongoni. Nilikuwa kijana wa kuuliza kila kitu, na nilikaa nayo mdomoni ikiwa nzima.

Daktari alikuwa ameleta dawa ndani ya chupa, mfukoni, bila kuniambia. Hakuitoa. Tomás ndiye aliyeuona mdomo wa chupa ukichungulia, akanyoosha mkono. Akanywa, uso ukajikunja kwa uchungu wa kwinini, akairudisha chupa akionyesha kwa kidole kwamba bado imebaki kidogo, kisha akaichukua tena akaimaliza.